Zamu ya Usiku Chini ya Wanale

Genge la Wanale limesimama upande wa mashariki wa Mbale, mashariki ya Uganda, kwa hiyo jua likitua upande wa Pallisa mwanga wake wa mwisho huipiga miamba ile usoni. Saa kumi na mbili na nusu hivi, wenye maduka ya vitambaa, simu na vifaa vya ujenzi huanza kuteremsha milango ya chuma. Kabla hawajafika nyumbani, majiko ya mkaa yameshawashwa kwenye baraza zao. Mpangaji wa mchana analipa kodi ya pango kwa mwezi. Wa usiku mara nyingi ana makubaliano ya mdomo tu: atatoa kidogo, ataulinda mlango, na alfajiri atafagia. Mita zilezile za mraba zimeuzwa mara mbili kwa siku moja, na mauzo ya pili hayana risiti.

Kwa mgeni, Naboa Road, Kumi Road, Republic Street na vichochoro vinavyoelekea mnara wa saa ni mahali pa kula, kunywa na kusikiliza muziki. Mwandishi wa kurasa za biashara huona mlolongo mwingine: unga, mayai, mkaa, nyama, mtama, umeme, nauli ya bodaboda na ada ya kutoa pesa kwenye simu. Mbale na Jinja zilipandishwa hadhi kuwa majiji siku moja, tarehe 1 Julai 2020, na kwa sensa ya 2024 hakuna hata moja lililofika wakazi 300,000. Lakini wanunuzi wa usiku si wakazi peke yao. Mbale hula na kunywa na watu wa Sironko, Manafwa, Bududa na Budaka walioshuka mjini kwa shughuli za mchana wakachelewa basi, wengine kwa makusudi. Kuna madereva wa malori, mawakala wa kahawa, wanafunzi, na Wakenya waliovuka Malaba au Lwakhakha. Mji huu tangu enzi za Semei Kakungulu, mwanzoni mwa karne ya 20, ulikua kwa biashara ya wapita njia, Wahindi, Waarabu na Waswahili wakiwemo, na hadi leo Kiswahili ndicho kinachomaliza bei pale Mgisu, Mteso na Mkenya wanapokutana mbele ya jiko moja.

Pesa hii ya usiku haikai mtaani. Inapita mikononi mwa watu wengi wenye majiko madogo, kisha inapanda kwenda kwa wasagishaji wa unga, wenye viwanda vya bia, wenye nyumba na kampuni za simu. Hasara ndiyo inayobaki barazani.

Tuanze na chapati, maana ndiyo inayoshika mtaa. Ikikunjwa pamoja na mayai ya kukaanga, kitunguu, nyanya na kabichi huwa rolex, chakula ambacho wengi huwapa sifa ya kukibuni vijana wa Busoga waliohamia Kampala na kuwauzia wanafunzi wa Makerere pale Wandegeya. Mwaka 2016 kilifanyiwa tamasha lake Kampala, na mwaka 2021 wapishi wilayani Kayunga walitengeneza rolex ya zaidi ya kilo 200 iliyoingia kwenye rekodi za Guinness. Sifa zote hizo hazijaongeza shilingi kwenye hesabu ya mwenye jiko.

Hesabu yenyewe tuifanye kwa bei za mfano, zisizo mbali na za sokoni. Trei ya mayai 30 ikiwa shilingi 12,000, mayai mawili ni 800. Pakiti ya unga ya kilo mbili ikiwa 7,000 na kutoa chapati 20, kila moja imekula unga wa 350. Mafuta na chumvi tuseme 100, mboga 150, mkaa 100. Jumla ni 1,500, na rolex inauzwa 2,000. Zimebaki 500, ambazo bado hazijalipa baraza, ushuru wa jiji, kijana anayekanda unga wala mfuko wa plastiki. Sasa trei ipande hadi 15,000, jambo linalotokea bila mtu kutangaza. Yai limepanda kwa asilimia 25, na ile faida ya 500 imekuwa 300, yaani imepungua kwa asilimia 40. Mwuzaji akiuza rolex 60 usiku huo, amepoteza shilingi 12,000 bila kupoteza mteja hata mmoja.

Kwa nini asipandishe bei? Kwa sababu mteja wa usiku ameishika bei kichwani na hatembei na chenji. Noti ya 2,000 inatoka mfukoni yenyewe. Ukiongeza 500 umemlazimisha afikiri, na akifikiri ataona jiko la jirani lililo hatua kumi mbele. Kwa hiyo kinachopungua ni donge la unga. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya ngano na mafuta ya kula duniani, na mfumuko wa bei nchini Uganda ulipofika asilimia 10.7 mwezi Oktoba, chapati nchi nzima zilikonda hadi zikawa mada ya utani. Wachumi wa Benki Kuu walikuwa wakipima kwa vikapu vya bidhaa. Wanafunzi walipima kwa macho, nao hawakukosea.

Vitu viwili vikubwa katika chapati ya Mbale havitoki Mbale. Ngano nyingi ya Uganda huagizwa kutoka nje na kusagwa kwenye vinu vikubwa. Bakhresa, ambao wasomaji wa Zanzibar na Dar es Salaam wanawajua kwa jina la Azam, wana kinu Kampala. Mafuta yana kiwanda karibu zaidi: Bidco wanayasafisha Jinja, kando ya ziwa, na sehemu ya mawese yao hutoka mashamba ya visiwa vya Kalangala. Mwenye jiko hawezi kujadiliana na yeyote kati ya hao. Anachoweza kujadili ni nyanya, kabichi na kitunguu, ambavyo hushuka kutoka miteremko ya Elgon na kufika Soko Kuu la Mbale alfajiri. Ndiyo maana wauzaji stadi wa chapati ni wajuzi wa nyanya kwanza. Hapo ndipo ujanja wao unapozaa shilingi.

Kisha kuna mkaa. Mei 2023 Rais alitoa amri ya kupiga marufuku uchomaji mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi, eneo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa likilisha miji ya kusini na mashariki. Misitu ilihitaji amri hiyo, sibishi. Ila mama anayechoma ndizi za gonja au kukaanga mihogo hanunui gunia. Ananunua ndoo au mkebe, na anayenunua kwa mkebe daima hulipa ghali kuliko anayenunua kwa gunia. Jiko la gesi lipo, lakini mtungi wa kwanza ni mtaji wa majuma kadhaa. Miradi mingi ya nishati safi inayotangazwa kwa wauzaji wadogo hukwama hapo, kwenye gharama ya siku ya kwanza.

Ukiacha barabara yenye taa na kuingia uchochoroni, unakuta biashara ya aina nyingine kabisa. Malwa ni pombe ya wimbi inayonywewa katika chungu kimoja kwa mirija mirefu, wanywaji wakiwa wamekaa duara na maji ya moto yakiongezwa kila kina kinapopungua. Kwa jicho la kibiashara ni kinywaji cha ajabu: kadiri mteja anavyokaa ndivyo gharama ya kumhudumia inavyopungua, kwani kinachoongezwa ni maji. Mwenye kilabu hapati faida kwenye kiasi kinachonywewa. Anapata kwenye idadi ya vyungu na kwenye maandazi, karanga na nyama vinavyopita duarani. Wimbi lenyewe hutoka mashamba ya karibu, Teso, Bukedi na Bugisu, hivyo sehemu kubwa ya kila shilingi inayolipwa hapa hurudi kijijini. Katika mtaa mzima sijui biashara nyingine yenye sifa hiyo.

Vikundi vya malwa vina jambo ambalo mabenki hayajaligundua. Vingi vina mwenyekiti, mweka hazina, orodha ya wanachama na faini kwa mgomvi. Michango ya misiba hupitia hapo, na vingine huweka akiba ya kugawana Desemba. Afisa mikopo anayetafuta wateja wenye nidhamu ya kukutana kila jioni, mahali pamoja, kwa miaka, hana haja ya kupiga simu. Anafuata harufu ya wimbi lililochacha.

Chakula cha mlima nacho kimeshuka mjini. Malewa, machipukizi ya mianzi yanayokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga za kusaga, huvunwa katika misitu ya Mlima Elgon, ambayo tangu 1993 ni hifadhi ya taifa. Jamii za pembezoni huruhusiwa kuvuna kwa makubaliano na Mamlaka ya Wanyamapori. Zamani ilikuwa chakula cha nyumbani na cha sherehe. Siku hizi hoteli za Mbale huiweka kwenye orodha kando ya matoke, na Wagisu wanaoishi Kampala hununua mafungu ya kupeleka mjini. Ni bidhaa pekee ya mtaa huu ambayo mshindani hawezi kuiagiza kwa kontena. Ajabu ni kwamba bado inauzwa kama kitoweo cha kumbukumbu, haina chapa wala kifungashio. Mchele wa Doho, Butaleja, una hali kama hiyo: unaliwa Mbale kila usiku na hakuna anayejua jina lake.

Bia ni hadithi ya ng'ambo ya mto Nile. Nile Breweries ilianzishwa 1951, na kiwanda chake kiko Njeru, mkabala na Jinja. Ilipita mikononi mwa familia ya Madhvani, ikataifishwa, ikarudishwa, ikauzwa kwa Waafrika Kusini waliokuja kuitwa SABMiller, na tangu 2016 ni mali ya AB InBev. Kwa mashariki ya Uganda tukio kubwa kuliko mauzo hayo yote lilikuwa la mwaka 2002, ilipoingia sokoni Eagle, bia ya mtama. Mtama wake, aina ya Epuripur, ulizalishwa katika kituo cha utafiti cha Serere, Teso. Serikali ikaipa nafuu ya ushuru: bia ya kimea cha nje imekuwa ikitozwa asilimia 60, na ile ambayo angalau asilimia 75 ya malighafi yake inatoka nchini ikitozwa asilimia 30. Baadaye wakulima wa Kapchorwa na Kween nao wakaingia kwenye shayiri. Nafuu ya kodi iliyopangwa Kampala imebadilisha kilimo cha Sebei na Teso kuliko semina nyingi za kilimo.

Lakini mwenye baa ya Kumi Road anapata nini? Friji amepewa na kampuni ya bia, ukuta umepakwa rangi zake, bango ni lake, na pengine viti. Bei ya chupa inajulikana na kila mteja, hivyo hawezi kuongeza sana. Kinachobaki kwake ni faida nyembamba kwa kila kreti, na anaiokoa kwa muchomo, yaani nyama ya kuchoma, na kwa kuku. Jioni yenye mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza, ambapo watu hukaa dakika 90 bila kuhama, ndiyo mkombozi wake mkubwa. Baa nyingi zinazofungwa hazikukosa wanywaji. Ziliua mtaji kwa kukopesha wanywaji.

Wahudumu ndio wanaolipwa vibaya kuliko wote, na hapa sheria imelala usingizi mzito. Kima cha chini cha mshahara kinachotambuliwa kisheria Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984. Ni rolex tatu. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadili mwaka 2019, Rais hakuutia saini, na mambo yakaishia hapo. Binti anayehudumu hadi saa nane usiku huishi kwa bakshishi, kwa chakula cha jikoni na kwa hisani ya bodaboda anayekubali kulipwa mwisho wa mwezi. Wawekezaji wakisifia gharama nafuu za kazi mashariki, hesabu hiyo ndiyo wanayoisifia.

Jinja ina mtaa mmoja unaojulikana kuliko mitaa yote ya Mbale ikijumlishwa. Main Street ilijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi kati ya vita na vita na baadaye kidogo: maduka chini, makazi juu, baraza pana lenye nguzo, na mara nyingi jina la familia na mwaka wa ujenzi vikiwa vimechongwa juu ya paa. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza wenye majengo. Yakakaa mikononi mwa serikali na wapangaji waliochoka, na tangu miaka ya 1990 mengi yamerudishwa kwa familia au kuuzwa. Waliojenga walitaka kivuli cha kuuzia vitambaa. Bila kukusudia walijenga mgahawa. Baraza lile lile leo lina meza za kahawa na piza mchana, na usiku muziki.

Wateja wa Main Street si wa Naboa Road. Jinja iliishi kwa viwanda: bwawa la Owen Falls la 1954, nguo za Nyanza, sukari ya Kakira, shaba iliyosafirishwa kutoka Kilembe. Viwanda vilipodorora, utalii wa maji ukaingia miaka ya 1990, vijana wa Ulaya na Australia wakija kushuka maporomoko ya Nile kwa mashua za mpira na kutumia pesa zao usiku mjini. Ndipo umeme ukarudi kudai mto wake. Bwawa la Bujagali lililokamilika 2012 lilizamisha maporomoko yaliyokuwa moyo wa biashara ile, na Isimba, lililozinduliwa 2019, likazamisha mengine chini yake. Kampuni za mashua zilihamisha njia na kufupisha safari. Mji uliojulikana kwa mto ukaanza kutafuta kitu kingine cha kuuza, nao ukauza usiku.

Tamasha la Nyege Nyege, lililoanza 2015 kando ya Nile, ndilo soko kubwa la usiku huo. Mwaka 2018 waziri wa maadili alitaka kulizuia kisha akalegea. Mwaka 2022 Bunge lilisema lisifanyike, serikali ikaliruhusu kwa masharti, na Septemba hiyo likafanyika Itanda, zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini. Mjadala mzima ulikuwa wa maadili, na kila upande ulikuwa na haki ya kusema yake. Wenye vyumba vya kulala wageni, wauza kuku na madereva wa bodaboda hawakuitwa kutoa ushahidi, ingawa mapato yao ya robo mwaka yalikuwa yakiamuliwa pale. Biashara inayoweza kufutwa kwa hotuba moja siku chache kabla ya mlango kufunguliwa haiwezi kukopa benki, na ndivyo ilivyo kwa biashara nyingi za usiku Uganda.

Ushahidi wa jambo hilo ulikuja mapema, kwa ukatili zaidi. Machi 2020 baa zilifungwa kwa sababu ya korona na amri ya kutotoka nje ikaanza saa moja jioni. Baa zilifunguliwa tena tarehe 24 Januari 2022. Miezi 22! Ni sekta chache zilizofungwa muda mrefu namna hiyo. Wauza chapati walihamia asubuhi, wachoma nyama walihamia vijijini, na wenye baa waliuza friji walizokuwa nazo, zile zisizo za kampuni. Waliobaki walifungua kwa deni. Baadhi ya mabaraza ya Main Street yalibadili wapangaji wakati huo na hayajarudi kwa wa zamani.

Mbale haikupumua muda mrefu. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mvua iliyonyesha milimani ilijaza mito ya Nabuyonga na Namatala, na zaidi ya watu 20 wakafa. Nabuyonga unapita katikati ya mji. Vibanda vilivyosimama karibu na kingo zake vilikwenda na maji, na kwa kuwa havikuwa na leseni ya kudumu wala bima, kwenye orodha ya hasara havikuwa kitu.

Kitu kilichosaidia zaidi, kwa bei ndogo, ni taa. Jinja ilianza kufunga taa za barabarani za umeme wa jua katika muongo uliopita, na Mbale, kama Jinja, iliingia katika mpango wa miundombinu ya manispaa uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 2013, uliojenga barabara pamoja na mitaro na taa zake. Barabara yenye taa hurefusha saa za kuuza kwa wanawake hasa, maana mwanamke mwenye fedha za mauzo kiunoni hufunga mapema pakiwa giza. Diwani anayejiuliza taa moja inalipa nini angehesabu majiko yaliyo chini yake saa nne usiku.

Kinyume chake, wazo linalorudi kila baada ya miaka michache ni la kufupisha saa. Sarah Opendi, akiwa mbunge mwanamke wa Tororo, alipeleka muswada wa kudhibiti pombe uliopendekeza pombe iuzwe kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku siku za kazi. Haukupita. Kenya wana sheria ya aina hiyo tangu 2010, na wakazi wa Malaba wamejionea matokeo yake: mlevi wa upande mmoja huvuka kuwa mteja wa upande wa pili. Opendi hakuzua tatizo. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019 ziliiweka Uganda kileleni Afrika kwa unywaji, lita 12 na ushei za pombe halisi kwa mtu mzima kwa mwaka. Lakini sehemu kubwa ya pombe hiyo haiuzwi kwenye baa yenye saa na leseni. Ni gongo na pombe za kienyeji. Marufuku ya viroba iliyoanza 2019 ilionyesha njia yenye akili zaidi, kwa kugusa kifungashio na bei badala ya saa, japokuwa vichupa vidogo vya plastiki vilijaza pengo haraka.

Nao usiku wenye mauzo si lazima uwe wa pombe. Nkoma, kando ya Mbale, kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilichofunguliwa 1988, na wanafunzi wake wamejenga soko zima la chai, chipsi, samosa na kuku lisilouza hata chupa moja. Majiko yake hayaogopi muswada wa pombe wala mkaguzi wa kelele.

Halmashauri zenyewe zimejaribu kuingiza biashara ndani. Jinja na Mbale zote zilipata masoko makuu mapya ya ghorofa chini ya mradi wa serikali na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ule ule uliojenga soko la Wandegeya. Ni majengo mazuri ya mchana. Usiku mteja hapandi ghorofani kununua muhogo; anataka kuukuta njiani anapokwenda. Bustani ya Forodhani kule Unguja, iliyokarabatiwa 2009, ilipatia jambo hilo: wachomaji wa samaki walibaki mbele ya bahari, palepale walipozoeleka, wakiwa na mpangilio, maji na mahali pa kutupa taka. Mbale haina bahari, ina genge na maporomoko, na ina baraza nyingi tupu kuanzia saa moja. Ushuru wa siku unaokusanywa kutoka kwa majiko hayo ungeweza kulipia choo cha umma chenye mlinzi na bomba la kunawia. Wauzaji wangelipa bila ugomvi kama vingeonekana. Kwa sasa wanalipa na kukimbizwa vilevile.

Linalobaki ni kalenda, ambayo wakopeshaji wa mjini wanaisoma vibaya. Kahawa ya Bugisu huvunwa kuanzia Agosti au Septemba hadi mwanzo wa mwaka, na pesa yake hufika Kumi Road wiki hiyohiyo. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili huwa na Imbalu, msimu wa jando la Wagisu unaozinduliwa Mutoto mwezi Agosti, ngoma za kadodi zikipita mitaani na jamaa wakirudi kutoka Kampala na Nairobi na mifuko iliyojaa. Agosti ya mwaka kama huo mchoma nyama huuza kwa wiki moja kiasi cha mwezi mzima wa Machi. Machi na Aprili, wakulima wakiwa na jembe mkononi na senti zimeisha, huuza nusu na kurudi na nyama nyumbani. Kampuni ya mikopo inayomdai marejesho sawa kila Jumatatu, Machi na Agosti, itamfilisi mteja mzuri kisha imwite mdanganyifu. Wenye vyungu vya malwa hukopeshana hadi kahawa iuzwe, na deni lao hulipwa.